Siku Mama Alipopanda Kreti za Soda

Juzi asubuhi jirani yangu hapa Malindi alikuwa anapika gundi. Mwanawe alipewa kazi ya shule ya kubandika picha kwenye kadibodi, na duka lilikuwa halijafunguliwa, basi mama mtu akateleka maji kwenye sufuria ndogo, akanyunyiza unga wa ngano, akawa anakoroga huku akimkemea mtoto kwa kungoja mpaka dakika ya mwisho. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nikianika nguo. Harufu ikanijia taratibu: unga unaoiva bila chumvi, bila sukari, bila mafuta, harufu ya chakula ambacho hakuna atakayekila. Mikono yangu ilisimama kwenye kamba. Nilikuwa tena na miaka kumi, nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu kule karibu na Garsen, nimeshika mwiko mrefu kuliko mkono wangu, na Mama amesimama nyuma yangu akisema, "Koroga, Saida, usiache ikashika chini. Bonge moja tu, na uso wa mgombea wetu utaota chunusi."

Tulipika gundi nyingi msimu ule wa uchaguzi. Lakini kabla sijafika huko, nikujulishe Mama alikuwa mtu wa namna gani, maana usipomjua hutaona ajabu ya yaliyotokea.

Mama alikuwa mtu wa kunyamaza. Nyumbani alijibu kwa kichwa. Akitaka sana, kwa neno moja. Wageni wa Baba walikuja, wakala wali na samaki, wakazungumza mpaka wakachoka, wakaondoka bila kujua sauti ya mwenye kupika ilikuwaje. Siku ya soko aliamka kabla ya adhana, akapanga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli ya Baba, na mafungu ya kunde na mchicha kwenye karai, tukafuata njia ya kando ya mto mpaka Garsen. Mahali pake palikuwa pale pale siku zote, chini ya turubai moja na Hawo.

Hawo alikuwa Mworma, wa kabila la wafugaji, muuza maziwa, mwanamke mrefu mwembamba mwenye mkono uliojaa bangili. Maziwa yake aliyaleta katika vyombo vya kusuka vilivyofukizwa moshi ndani, na ukiyanywa ulihisi kama umekunywa maziwa na jiko lililoyakaribisha. Yeye na Mama walianza kugawana turubai kabla sijazaliwa. Mwanzoni Hawo alikijua Kiswahili kidogo, Mama hakukijua Kiorma hata kidogo, na Kipokomo kilikuwa chetu sisi wa mtoni, lakini miaka mingi ya kukaa bega kwa bega iliwatengenezea lugha yao wenyewe, ambayo niliisikia ikinong'onwa juu ya kichwa changu kama mvua ya rasharasha. Sikuifuatilia. Mtoto hufuatilia nini mazungumzo ya wauza mboga? Mimi nilikuwa nasubiri kipande cha mahamri.

Siku mgombea alipokuja, tulikuwa chini ya turubai hilo. Alikuwa mwanamke, mwalimu wa chekechea, mjane mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alikuwa anataka udiwani. Watu wote walimwita Mwalimu tu. Chama chake kilikuwa kidogo, hakikuwa na gari wala fulana za kugawa. Kilikuwa na karatasi za rangi ya zambarau zenye picha yake, na chini ya picha alama ya ndoo. Alizunguka sokoni kwa miguu, akasalimu kila mtu, kisha akasimama katikati ya wanawake akasema wazi kabisa: "Nataka watu wa kujitolea. Kubandika karatasi, kuzungumza na wenzenu, kuwafundisha kupiga kura. Sina cha kuwapa. Nikishinda, jambo la kwanza ni choo cha soko hili."

Wanawake waliinamia mboga zao kama wanafunzi ambao hawakufanya hesabu za nyumbani. Halafu nikaona mkono umenyooka juu, mkono mwembamba wenye madoa meusi ya utomvu wa ndizi, na ilinichukua muda kutambua ni wa nani.

Hawo alimvuta leso. "Mama Saida, wewe gonjwa?"

"Mzima," alisema Mama, na mkono haukushuka.

Sasa tatizo lilikuwa Baba. Baba yangu alikuwa mtu wa chama kikubwa. Alikuwa na fulana ya buluu waliyopewa kwenye mkutano, akaivaa shambani, akaivaa msikitini chini ya kanzu, na nadhani aliilalia. Jioni ile aliposikia habari, kwa sababu Garsen habari hutembea haraka kuliko baiskeli, alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akasafisha koo.

"Mwenye nyumba hii ana chama," alisema.

"Ndiyo," alijibu Mama, akaendelea kuchambua kunde.

Baba aliridhika. Kesho yake akamkuta anapika gundi.

"Nilisema mwenye nyumba hii ana chama."

"Nilisikia, Baba Saida, na nikaitikia. Sikusema kwamba chama hicho ni changu."

Nafikiri Baba hakuwahi kumsikia Mama akisema maneno mengi kiasi kile kwa pamoja, na mshangao uliishinda hasira yake. Aliingia ndani. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na vyama viwili, na mimi nikawa mwananchi wa kawaida, nikipepesa macho kutoka upande huu hadi ule.

Kazi ya kwanza ilikuwa kubandika, na hapo ndipo tulipokutana na mbuzi. Mbuzi wa Garsen hawana chama. Gundi ya unga kwao ilikuwa karamu, na karatasi ilikuwa sahani ambayo nayo inalika. Tulibandika jioni kwenye nguzo za soko na mabati ya vibanda. Tuliporudi siku iliyofuata, Mwalimu amebaki sikio moja na nusu ya miwani. Wale wa buluu nao waliliwa bila upendeleo. Mama alisikitika sana, mpaka Hawo, ambaye aliwajua wanyama kuliko alivyowajua watu, akamwambia atie pilipili kwenye gundi. Tukatwanga pilipili kali, tukakoroga huku machozi yanatutoka. Mbuzi wa kwanza aliyeonja alipiga chafya, akarudi nyuma, akaitazama picha ya Mwalimu kwa heshima. Baada ya hapo wakamaliza za buluu zote, zetu zikabaki ukutani, na vijana wa chama cha Baba wakaeneza habari kwamba wanawake wa ndoo wamewafunza mbuzi siasa.

Mama alicheka aliposikia hivyo. Ninataka uelewe kwamba hili lilikuwa jambo jipya kwangu. Nilijua tabasamu lake, la upande mmoja, la haraka, lakini kicheko chake sikukijua. Kilikuwa kinene, kinatoka tumboni, kikimalizika kwa mlio mdogo kama wa bawaba ya mlango. Majuma yale nilikisikia mara nyingi. Alitembea kutoka meza hadi meza akichora viboksi mchangani kwa kijiti: hapa unaweka alama yako, hapa unakunja, hivi, isije wino ukachafua pengine. Wanawake watu wazima waliinama wakakunja majani ya mgomba kwa mazoezi. Walimwuliza maswali. Mama yangu, wa kuulizwa maswali! Njiani kurudi nyumbani alikuwa akiimba kidogo kidogo, mguu wake ukifuata wimbo, nami nyuma yake nikijaribu kukanyaga palipokanyaga yeye.

Katikati ya furaha ile ndipo mwiba uliponipata.

Soko letu halikuwa na choo. Kiliwahi kuwapo kimoja, mafuriko yakakiangusha, na hakuna aliyekiinua. Wanaume walijua la kufanya, ukuta wowote uliwatosha. Wanawake walikwenda nyuma ya uwanja wa mifugo, kwenye kichaka cha mathenge, mti ule wa miiba uliojaa kila mahali kwetu mpaka ukafunga njia. Walikwenda wawili wawili, mmoja akilinda. Siku ile nilikwenda peke yangu kwa sababu Mama alikuwa na watu, na mwiba ukapenya ndala ukaingia kisiginoni, ukakatikia ndani. Mwiba wa mathenge una sumu yake. Mguu ulivimba, ukawa moto, ukatunga usaha. Baba ndiye aliyeutoa, kwa sindano na mafuta ya moto, akinishika goti kwa upole ambao mikono yake ya jembe haikuonekana kuwa nao.

"Ulikuwa unatafuta nini kichakani?" aliniuliza.

Niliona haya. "Kuni," nikasema. Mama alikuwa mlangoni. Alinitazama, kisha akamtazama Baba.

Basi ukafika mkutano wa Mwalimu. Ulipangwa siku ya soko, adhuhuri, wakati watu wamejaa. Vijana wetu walikodi kipaza sauti na jenereta ndogo iliyokohoa kama mzee, wakapanga kreti za soda zikawa jukwaa. Nilikuwa nimeketi kwenye gunia chini ya turubai, mguu umefungwa kitambaa, nikiona kila kitu. Wachungaji walioleta mbuzi kuuza walisimama upande mmoja wakiegemea fimbo zao. Wakulima wa mtoni walisimama upande wa pili, na kati yao paliachwa uwazi, kama palivyoachwa siku zote kwa ugomvi wa malisho na mashamba. Vijana wa fulana za buluu walikuja kwa wingi kutuchungulia, na Baba alikuwa miongoni mwao, nyuma nyuma, akijifanya amekuja kununua tumbaku.

Mwalimu hakufika. Alikuwa amekwenda Tarasaa kwenye mazishi, na mvua ya vuli iliyonyesha usiku ilikuwa imeleta maji barabarani. Dereva wa lori aliyegeuza njiani ndiye aliyetuletea habari. "Maji yamepita juu ya barabara," alisema. "Leo hapiti mtu."

Jua lilikuwa kali ajabu kwa siku iliyotanguliwa na mvua. Watu walianza kunung'unika. Kijana mmoja wa buluu akaweka mikono mdomoni akapaza sauti, "Ndoo imetoboka!" Uwanja mzima ukacheka, wengine wakarudia, ndoo imetoboka, ndoo imetoboka. Mwenye kipaza sauti akaanza kukunja waya wake. Nilimwona Mama amesimama kando ya kreti zile, karai la ndizi amelikumbatia, uso wake umekuwa kama ule wa nyumbani, ule wa kujibu kwa kichwa. Nilidhani kila kitu kimekwisha.

Hawo alisimama. Alikwenda kwake, akamchukua karai mkononi.

"Mimi shika ndizi," alisema. "Wewe panda."

"Nikaseme nini?"

"Sema ile wewe naambia mimi."

Hawo akarudi na karai chini ya turubai, Mama akapanda. Kreti ziliyumba, akatulia. Kipaza sauti kikapiga yowe, akakisogeza mbali na mdomo kama kitu kinachoweza kuuma. Alisalimu kwa Kipokomo, kwa sauti ndogo, halafu akaingia Kiswahili.

"Mimi si msemaji. Mnanijua, nauza ndizi pale. Nataka kuuliza tu. Wangapi hapa wamekunywa maji tangu asubuhi? Inueni mikono."

Watu wakatazamana. Wanaume wakaanza kuinua mikono huku wakichekacheka, wachungaji na wakulima, vijana wa buluu, hata mwenye jenereta. Mikono ilijaa hewani.

"Shusheni. Sasa wanawake peke yao."

Hakuna mkono uliopanda. Ninaona mpaka leo: wanawake wote wa soko lile, wa samaki, wa nyanya, wa maziwa, wa mikeka, wamesimama juani mikono chini, wengine wakitazama mchanga.

"Tazameni," alisema Mama. "Tazameni vizuri. Hakuna aliyekunywa, na jua ndilo hili. Mnadhani hatuna kiu? Tunaamka usiku, tunatembea, tunashinda hapa mpaka jioni, na hatutii tone mdomoni kwa sababu tukinywa hatuna pa kwenda. Wajawazito hawanywi. Wanaonyonyesha hawanywi. Yule mwanangu pale, Saida, inuka mama, waone mguu wako. Mtoto hajui kukaa na kiu. Alikunywa, akaenda kichakani, na mathenge ikamfanya vile."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikainuka kwa mguu mmoja, nimemshika Hawo mkono, na macho ya Garsen yote yakaniangukia. Nilimchukia Mama kwa muda wa pumzi mbili tatu, chuki ile ya mtoto anayetaka kujificha nyuma ya mama yule yule anayemchukia.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aligeukia upande wa wachungaji akaanza kusema Kiorma. Si neno moja la salamu kama wengi walivyojua. Alisema, sentensi kwa sentensi, akikwama na kuendelea, na fimbo zile zikanyooka moja baada ya nyingine kwa sababu wenyewe walisimama wima. Mahali fulani, Hawo alinieleza baadaye, alitaka kusema "sisi wanawake tuna kiu" akasema "sisi wanawake tumetoroka". Wanaume wakaangua kicheko, na mmoja wao, mwenye kilemba chekundu, akamrekebisha kwa sauti. Mama akalirudia lile neno sawasawa, akamshukuru, naye yule mtu akaitikia kwa kichwa, bila kucheka tena.

Hapo ndipo sauti ilipokatika. Yule kijana aliyepiga kelele za ndoo alikuwa amejipenyeza nyuma akachomoa waya kwenye jenereta. Mdomo wa Mama ulikuwa unaendelea, lakini tulisikia upepo tu na mbuzi. Wanawake wakapiga kelele, vijana wakasukumana, na mimi nikaogopa, kwa kuwa hata mtoto kwetu alijua jinsi uwazi ule kati ya watu unavyoweza kujaa kwa ghafla, na hujaa kwa ubaya.

Nikaona fulana ya buluu inapita katikati. Ilikuwa ya Baba. Hakukimbia. Alikwenda mpaka mbele ya yule kijana, akasimama.

"Rudisha waya."

"Mzee, wewe si wetu?"

"Mimi ni wenu," alisema Baba. "Na yule pale ni wangu. Rudisha waya."

Kijana alitazama huku na huku. Hakuona msaada, maana wenzake walikuwa wameinamisha vichwa, na wengi wao walikuwa na mama zao pale pale wakiwatazama. Akarudisha waya. Kipaza sauti kikapiga yowe tena. Mama, ambaye hakuwa ameacha kusema hata kidogo, alisikika akimalizia: "... basi ni hayo tu. Asanteni." Akashuka.

Alipofika chini ya turubai akaketi moja kwa moja juu ya mchicha. Hawo alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, bangili zikilia.

"Mama Saida! Wewe sahau kura! Wewe hapana omba kura!"

Mama alimkodolea macho. Kweli. Hakumtaja Mwalimu, hakutaja ndoo, hakutaja chama. Wakatazamana, kisha wakacheka, wakaegemeana wakacheka mpaka machozi, na wanawake waliokuja kumpa Mama mkono wakaanza kucheka nao bila kujua sababu.

Tulirudi nyumbani watatu jioni ile, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwa kuwa Baba hutangulia siku zote. Mimi niliwekwa nyuma ya baiskeli, Baba akaisukuma, Mama akatembea kando yetu na karai tupu kichwani. Mto ulikuwa umejaa, unapita na vijiti na povu.

"Hukuwahi kuniambia," alisema Baba.

"Nini?"

"Kwamba hunywi maji."

Mama alitengeneza karai kichwani. "Hukuwahi kuuliza," alisema, bila ukali wowote, kama mtu anayetaja majira ya siku.

Kabla ya siku ya soko iliyofuata Baba alichukua jembe, panga na mikeka mikuukuu, akaenda Garsen na marafiki zake wawili wa fulana za buluu. Walifyeka mathenge nyuma ya mstari wa wauza mboga, wakachimba shimo refu, wakazungushia mikeka, wakatengeneza mlango wa gunia. Mpita njia mmoja wa chama chao alisimama akawauliza kwa dhihaka, "Hiki ni choo cha chama gani?" Baba aliendelea kukanyaga udongo kwa mguu. "Cha wanawake," alisema. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilimwona Mama akinywa maji sokoni, kikombe kizima, mchana kweupe, Hawo akimwangalia kisha akimpokea kikombe.

Tulishindwa. Sitakuficha, tulishindwa vibaya. Chama kikubwa kilichukua kila kitu. Mwalimu alikuja kuwaaga wanawake, akawashukuru mmoja mmoja, baadaye nikasikia amehamia kwa mwanawe Mombasa. Aliyetushinda alijenga choo cha matofali pale pale alipochimba Baba, akaandika jina lake mlangoni kwa herufi kubwa. Mama alisema mwandiko ni mzuri.

Na akanyamaza. Hilo ndilo lililonitesa utotoni mwangu. Uchaguzi ulipopita, gundi haikupikwa tena, na Mama akarudi kuwa mtu wa kujibu kwa kichwa. Nilimsubiri yule mwingine. Siku za soko nilitembea nyuma yake nikitega sikio nisikie kama ataimba. Nilijaribu kumchokoza acheke, nikamwiga mbuzi anayepiga chafya, akatabasamu kwa upande mmoja akaniambia nichote maji. Niliamini kwamba mwanamke yule wa kreti alitujia kama mgeni wa msimu, na kwamba amekwenda zake mahali nisipopajua, na nilimkosa kama mtu anavyomkosa aliyesafiri bila kuaga. Nikakua hivyo. Nikaenda shule ya bweni, nikaja kufanya kazi Malindi. Ukame ulipozidi, Hawo na jamaa zake wakahama na mifugo yao kwenda juu, upande wa Nanighi, na turubai likabaki na Mama peke yake.

Mama alifariki wakati wa baridi, mwaka juzi. Siku ya hitma, nyumba imejaa watu, aliingia mwanamke mrefu aliyepinda kidogo mgongo, amesafiri tangu alfajiri. Bangili zilikuwa zimepungua. Tulikumbatiana, tukakaa chini mkekani, nje kidogo ya kelele za sufuria. Nikamwambia lile nililokuwa nimelibeba miaka yote: kwamba msimu ule wa uchaguzi, hata siku ile ya kreti, ndio wakati pekee niliomwona Mama akiwa mtu mwingine, na kwamba sikumwona tena.

Hawo alinitazama kama nimesema jambo la ajabu.

"Mtu mwingine gani?" alisema. "Saida, yeye siku zote namna ile. Yeye naongea, naongea, mpaka maziwa yangu naganda. Yeye nacheka. Mimi nasikia yeye kila soko, miaka yote. Siku ile si mpya. Siku ile ni nyinyi tu nasikia."

Nje watoto wa watu walikuwa wakikimbizana uani. Nilifikiria asubuhi zote nilizoketi chini ya turubai lile nikingojea mahamri, na ile rasharasha ya sauti juu ya kichwa changu ambayo sikuwahi kuitegea sikio, na ambayo ilikuwa Mama, Mama mzima, akisema kila kitu, hatua moja kutoka nilipokuwa. Nikamwonea Hawo wivu, wivu mkubwa usio na ubaya, kwa kuwa yeye alikuwa na miaka mingi ya Mama na mimi nilikuwa na msimu mmoja.

"Alikuwa anasema nini?" nikamwuliza.

Hawo alifikiri, akajikunja vizuri mkekani, akavuta ushungi wake begani.

"Mambo mingi," alisema. "Wewe nataka ianze wapi?"

"Popote."

Akaanza na asubuhi moja ya kawaida, kabla sijazaliwa, Mama akiwa msichana aliyeolewa karibuni, amekuja sokoni kwa mara ya kwanza na mkungu mmoja wa ndizi mbichi, akiuliza nani amekaa hapa. Watu waliingia na kutoka, sahani zikapita juu yetu, chai ikapoa mbele yangu. Sikuinuka mkekani mpaka jua likaingia mlangoni. Nilikuwa namsikiliza Mama.